Kiboko ya Mofwe na Tukutuku ya Shemeki

Ile wakati kiboko alikwama kwenye matope ya kaziwa ka Mofwe, mimi nilikuwa mutoto wa kupoteza meno ya mbele. Maji ilikuwa imerudi nyuma sana ule mwaka. Tulikuwa tumevuka ziwa kubwa kutoka kwa baba, ngambo ya Kilwa ya Kongo, tukakuja kutembelea bajomba ba mama, na mimi nilisikia harufu mbele ya kuona nyama. Kiboko alipumua pale kama mutu mwenye amekula bukari, ule ugali wetu, ya batu wengine, kisha akafa mwenyewe, bila mutu kumugusa.

Batu balitoka kila upande na bisu, na mashoka, na mabeseni. Mama moja alikuja na mulango wa nyumba yake juu ya kichwa, wa kuwekea nyama, na nyumba akaiacha wazi kwa kuku. Lakini hakuna mwenye alikata. Balikuwa banangoja mujomba mukubwa wa mama, ju yeye njo alijua kugawa. Alifika, akazunguka ule kiboko polepole, akamupiga-piga na mukono kama mutu mwenye anachagua muhogo kwa soko, na akaanza kusema. Muguu huu ni wa bale. Kifua ni cha mukubwa wa kijiji. Ulimi ni wa bamama bazee benye hawana meno, na mimi nikafunga mudomo ili asione mapengo ya kwangu. Alisema yote kwa kinywa kwanza. Kisu ilikuwa haijagusa ngozi, lakini nyama ilikuwa tayari iko na benyewe. Kile alisema mbele ya batu, kilikuwa kimesemwa, na ata yeye mwenyewe hangeweza kukirudisha.

Baba yangu alikuwa mukwe, tena mugeni wa kuvuka maji. Alipewa taya ya chini. Taya tu, na kanyama kadogo ka kushikamana. Mama alilia kwa haya njia yote ya kurudia. Baba hakusema neno. Ile taya tulivuka nayo kwa mutumbwi, mama akaipika, akaikwangua, na ikakuwa kiti yetu batoto. Nilikaa pale nikitoa karanga kwa maganda miaka mingi. Kule shuleni nilikaa kwenye benchi kidogo sana, mwalimu mwenyewe alisema afadhali nirudie kwa karanga. Kwa hiyo mutu asitafute kwangu maandiko ya kunyoosha. Niliandika vile ninasemaka.

Bon. Sijui muzuri kwa nini ninaanza na kiboko, lakini kila mara ninataka kusema ya tukutuku, kiboko anatangulia. Labda ni ju ya ule mujomba. Alifika Mofwe siku ile juu ya tukutuku ya Baingereza, na njo ilikuwa tukutuku ya kwanza nilionaka kwa macho. Sikuhizi vijana banasema moto, ao pikipiki, lakini sisi tulisemaka tukutuku ju njo vile ilisema yenyewe. Kwenye mubavu wa moteri palikuwa na chapa: bunduki tatu zimesimamishwa pamoja, zinaegemeana kwa juu, kama vijiti bya mutoto mwenye anajenga nyumba. Sisi batoto hatukukaribia. Tuliwaza siku moja itapiga.

Wakati ule mujomba alikufa, ukoo walimugawa vile alibafundisha kugawa. Ninasema tukutuku yake, si yeye. Mumoja alichukua magurudumu, mumoja kiti, mumoja taa. Moteri ilibaki kwa mwenye alirithi jina lake, na huyu njo nitamuita mujomba mupaka mwisho, ju ule wa kiboko amekwisha kupita. Ilikuwa desturi, na haikuwa ukoo wetu peke yake. Bazee benye balikuwa na tukutuku za Baingereza kwenye upande huu wa ziwa, balipokufa, zilikatwa hivyo hivyo. Kitu ya kutembea ikakuwa bipande bya kukaa.

Sasa shemeki.

Shemeki alivuka kutoka Kongo wakati wa mavurugo, na redio moja yenye haina betri. Hapa Nchelenge, kwenye sisi tulihamia kwa bajomba, yeye hakuwa na ndugu ata mumoja. Alianza kupakua samaki kwenye mashua za kisiwa cha Chisenga, kisha akanunua kinga, ile baiskeli ya kubebea, akapeleka samaki kavu mbali na maji. Mutu wa mikono mikubwa na maneno madogo. Akapendana na dada yangu mudogo, na baba alikuwa amekufa, kwa hiyo akakuja kwangu. Nilimuuliza, "Uko na nini?" Akasema, "Niko na kinga." Dada yangu akacheka nyuma ya mulango, akasema, "Na redio, kaka! Sahau redio hapana!"

Njo vile bilianza. Nilimupenda kama nilimuzaa, na hasira yote yenye niko nayo leo inatoka pale.

Siku moja dada yangu alimupeleka kusalimia mujomba. Ndani ya nyumba, kwenye kona, kuku alikuwa amelalia mayai juu ya kitu cha chuma, na manyasi imepangwa kuzunguka. Shemeki akachutama. Akasogeza manyasi na kidole, kuku akamudonoa, akasogeza tena. Akaona bunduki tatu.

Kuomba haikuwa kazi yake, yeye alikuwa mugeni. Dada yangu njo aliomba. "Ba mujomba, mutupe hii."

"Na kuku?"

"Kuku atatafuta nafasi ingine. Ni kuku."

Mujomba alicheka mupaka akakohoa, akasema chukueni, mimi hiyo chuma inaniumizaka muguu. Na tangu siku ile dada yangu akakuwa mutu wa kuomba. Kashikishi, kwa dada yetu mukubwa wa ukoo mwenye aliuzisha mafuta ya taa, kulikuwa tanki ya tukutuku nyuma ya meza, imejaa mafuta ya taa, na kale kamulango ka juu kamefungwa na kitambaa. Yule dada alikataa. "Na mafuta yangu nitaweka wapi, kwa kinywa?" Dada yangu akarudi na jerikani ya njano mupya, akaiweka mbele yake, na akakaa chini, hakutoka mupaka mafuta ikahama.

Kadri, ile mifupa ya tukutuku, pamoja na miguu ya mbele na gurudumu lake, tulipata Kabuta. Palikuwa mujane wa katekista, naye ni wa ukoo wetu. Bwana yake alipokufa, balitundika kadri juu ya moto wa kukausha samaki, kama kichanja, na samaki zilipangwa pale miaka na miaka. Ilikuwa nyeusi kama ndani ya nyungu. Lakini shemeki alipoikwangua na kucha, chini ya masizi na mafuta ya samaki, chuma ilikuwa hai, bila kutu ata kidogo. Alinitazama kama mutu mwenye ameona malaika. Mimi niliona samaki tu.

Gurudumu la nyuma alinunua mwenyewe, la pikipiki ya Bashinwa, njo Wachina. Cheni pia. Na ju moteri ilikataa kukaa kwenye kadri, matundu hayakutazamana, alikata mabamba mawili ya chuma nene kutoka kwa mashua ya kuvunjika, akayatoboa, akaunganisha nayo. Alisema, "Shemeki, haya mabamba njo mimi. Bingine byote ni bibi yangu."

Mutu asiyejua angesema ni tukutuku moja. Sisi tuliiita Bunduki, ju ya chapa, na kwa muda mrefu tuliamini ni Bunduki kutoka mbele mupaka nyuma. Ilikuwa na tabia zake. Huwezi kuirukia tu. Unabonyeza kwanza kakidude kwa kabureta mupaka esanse, ile petroli, inalowesha kidole. Unavuta kamukono kadogo kushoto ya usukani, moteri inatoa pumzi. Unasukuma kiki na muguu polepole mupaka inakuambia basi. Njo unapiga. Ukikosea, inarudisha muguu wako mupaka kwa goti. Dada yangu alisemaka, "Inapiga tu mwenye hakuisalimia."

Na haikuhitaji betri. Iko na manyeto, chombo cha kutengeneza moto wake mwenyewe. Hiyo ilimupendeza shemeki zaidi ya yote, mutu wa redio bila betri.

Lakini raha yake kubwa ilikuwa vijana ba pikipiki za Bashinwa, bale banabeba batu kwa soko ya Kashikishi. Banakuja na miwani, banacheka. "Ba muzee, hii uliitoa kwenye kaburi?" Yeye anasema kwa upole, "Kijana, ijaribu basi." Sasa tukutuku za Baingereza, zile za zamani, zinabadilisha vitesi, njo gia, kwa muguu wa kuume, na freni, njo breki, iko kwa muguu wa kushoto. Kinyume na zote za leo. Kijana anaondoka na kiburi, anafika mbele ya bamama ba chisense, wale samaki wadogo wanaanikwa chini, anataka kusimama, anakanyaga freni, kumbe ni vitesi, na tukutuku inaenda na nguvu mupya! Bamama banakimbia na mabeseni. "Simamisha, we mupumbavu!" "Inakataa, mama!" Shemeki alikuwa anacheka bila sauti, mabega tu inaruka. Kisha anaenda kulipa samaki zenye zilikanyagwa.

Nilipanda nyuma yake kwenda Kabuta mara nyingi, na dada yangu katikati yetu, na beseni juu ya magoti yangu. Moteri haikupiga kelele ya haraka kama hizi za leo. Ilipiga kwa kituo, kama mama moja mwenye anatwanga bila haraka. Kadri ikipata moto, masizi ya zamani yenye ilibaki ndani ya mabomba ilianza kunuka, na tulipita kijiji kwa kijiji na harufu ya samaki kavu ya katekista. Imbwa zilitufuata. Mafuta ilidondoka njia yote, shemeki alisema ni vile inakojoa mipaka yake. Miguu yangu ilikufa ganzi, nilipofika nilishuka kama mutu wa mbao. Na kesho nilitaka tena.

Sasa ninafika kwa ile siku ya mungu, ile Jumapili.

Tulikuwa tumetoka kanisani. Shemeki alikuwa amefungua gurudumu, bitu bimepangwa juu ya mukeka. Mujane wa Kabuta alikuwa ametupatia, nyuma ya wakati mrefu, sipana za bwana yake, zimekunjwa ndani ya turubai. Shemeki akaanza kuzijaribu. Kwenye moteri zikakaa, tak, kama kidole kwenye pete. Kwenye kadri, tak. Kwenye gurudumu la nyuma, hapana, zinacheza. Hiyo tulijua, gurudumu ni la Bashinwa. Lakini akaendelea kutazama. Akapangusa shingo ya kadri na mafuta ya taa, herufi zikatoka, na namba. Akapangusa chini ya moteri, herufi ingine, namba ingine.

Akageuza tanki. Kwa ubavu, chini ya rangi ya buluu ya dada wa Kashikishi, kulikuwa nyekundu, na mustari mwembamba wa dhahabu. Na mahali pa chapa palikuwa duara, na katundu ka skrubu kila upande. Chapa ya bunduki haikai kwenye duara lile.

"Shemeki," akaniambia, "si Bunduki."

"Moteri ni Bunduki."

"Moteri, ndiyo. Kadri ni mutu mwingine. Tanki ni mutu wa tatu."

Mimi niliwaza atahuzunika. Dada yangu alikuwa anachambua mboga, akaacha, akakuja, akachutama karibu na kadri. Kwenye ubavu wa kushoto kulikuwa masikio mawili ya chuma, mazito, yenye hatukujua kazi yake. Shemeki alitaka siku moja kuyakata. Dada yangu akaweka mukono pale.

"Hapa palishikwa kikapu," akasema. "Kale kagari ka kando, ka gurudumu moja. Katekista alibebaka bagonjwa ndani. Mimi nilibebwa humo na homa, mupaka hospitali ya misioni. Chini palikuwa tundu, niliona barabara inapita."

Akageukia tanki. Kulikuwa na bonde juu, kama alama ya ngumi. "Na hii, ule mujomba mwingine wa Kashikishi, mwenye tanki, alianguka kwa daraja, alikuwa amekunywa, goti yake njo ilibonyeza. Alisema ni jiwe. Sisi tulijua ni goti."

Na vile shemeki alicheka ile siku, sijamusikia tena. Aliuliza hiki ni cha nani, na hiki, na hiki, na dada yangu akajibu. Herufi ilimuambia ni tukutuku gani, dada yangu akamuambia ni mutu gani. Kutoka siku ile, mutu akiuliza hii ni moto gani, shemeki hakusema tena Bunduki. Alisimama, akafuta mikono, akaanza mbele mupaka nyuma: miguu na kadri ni bya katekista wa Kabuta, ya aina nzito ya kuvuta kagari, tanki ni ya mujomba wa daraja, aina ya tatu ile, ya duara, moteri ya mugawaji wa kiboko, ya bunduki, gurudumu, Bashinwa, mabamba, mimi, na mwenye aliunganisha byote kwa kinywa chake ni bibi yangu. Alisema vile mutu anasema ukoo wake. Ninawaza alikuwa amepata ukoo.

Dada yangu alikufa na ugonjwa wa tumbo. Sitasema zaidi. Alikuwa mudogo kwangu, nilipaswa kutangulia.

Kwa sisi, mwanaume mwenye bibi yake amekufa anabaki mikononi mwa ukoo wa bibi mupaka siku tunamufunga ushanga mweupe kwa mukono. Mbele ya kufungwa ule ushanga hawezi kuhama, hawezi kuoa, ni kama marehemu angali anamushika shati. Na siku ile, mukubwa wa ukoo anamuuliza mbele ya batu wote: nini yetu iko kwako? Ni swali la heshima tu. Anajibu sufuria, anajibu bitenge, ukoo wanachukua kitenge kimoja, wanamuachia bingine, tunakula, imekwisha.

Nilijua kitu kimoja tu shemeki alitaka: tukutuku ibaki nzima. Hakuwa na picha ya dada yangu ya kueleweka. Hawakupata mutoto. Ile tukutuku njo ilikuwa sauti yote ya dada yangu ya kuomba, nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo nilimukalisha jana yake, nikamuambia, "Kesho watakuuliza. Sema sufuria. Sema bitenge. Kisha nyamaza."

"Ndiyo, shemeki."

"Usiongeze."

"Shemeki, mimi niliongezaka maneno lini?"

Kweli, sikumuona akiongeza maneno. Isipokuwa juu ya kitu kimoja.

Siku ile ilianza muzuri. Tulikaa kwangu, mujomba kwenye kiti, bamama kwenye mikeka, dada wa Kashikishi, mujane wa Kabuta. Mujomba akasema, "Ba shemeki, ulikaa na mutoto wetu bila makelele. Hatuna neno. Tuambie tu, nini yetu iko kwako?"

Shemeki akasema sufuria. Akasema bitenge, na kitanda. Akanyamaza. Nikapumua.

Na mujomba, kwa upole wake, ju alimuona amekonda, ju alitaka kumupa moyo, akauliza, "Na ile tukutuku? Ingali inatembea?"

Niliona uso wa shemeki unafunguka. Tangu mazishi sikuuona hivyo. Akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali, na mikono ilikuwa safi. "Inatembea, ba mujomba! Moteri ni ya kwenu, ya ule mukubwa wa kiboko." Nikakohoa. "Kadri na miguu ni ya katekista, mama huyu alitupatia." Nikamuvuta shati. Akaweka mukono wake juu ya wangu, kwa upendo, kama mutu mwenye anasema ngoja, bado muzuri unakuja. "Tanki ni ya dada huyu. Yeye mwenyewe marehemu aliomba byote, kimoja kimoja, kwa kinywa chake. Mimi ni mabamba tu, na gurudumu."

Alikuwa anashukuru. Alikuwa anamuimba bibi yake mbele ya batu bake. Njo kitu alikuwa anafanya. Lakini alikuwa ameulizwa nini yetu iko kwako, na alikuwa ametaja, kitu na mwenyewe, kitu na mwenyewe, mbele ya ushanga. Kwetu hiyo ni kugawa.

Mujomba akatazama chini. Ninataka isomwe muzuri: hakufurahi.

"Shemeki," akasema, "umesema."

Nikasimama mimi. "Ba mujomba, mutu huyu anashukuru. Hagawi. Ata mutoto anaona."

"Ninaona."

"Basi muache nzima."

"Wewe mutoto wa taya," akasema, na bamama bakacheka kidogo, ju kila mutu anajua ile taya, "baba yako alipewa taya akabeba akanyamaza. Unataka nifanye nini? Kama ningeweza ningesema sikusikia. Lakini batu wote wamesikia. Nikimufunga ushanga, na bitu byetu amebitaja na bimebaki kwake, kamba inabaki kati yake na marehemu. Unataka ndugu yako amuvute mupaka kaburini?"

"Hiyo ni mambo ya zamani."

"Na ushanga ni ya lini?"

Jibu ninalitafuta mupaka leo, nikiwa pekee, nikitengeneza nyavu. Mara zingine ninalipata, jibu muzuri sana, na hakuna mutu wa kuliambia.

Dada wa Kashikishi akasema, "Mimi tanki nitaifanyia nini? Niko na jerikani." Mujane akasema hana tena nguvu ya kubeba chuma. Kila mutu alikataa kwa kinywa, na kila mutu aliogopa kukataa kabisa.

Shemeki alielewa pole pole. Niliona anaelewa, kama mutu mwenye anasikia maji ndani ya kiatu. Akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na tukutuku kwa kuisukuma, akaleta turubai ya sipana. Akaomba kitenge kimoja cha dada yangu, akakitandika chini. Nikataka kusaidia, akasema, "Hapana, shemeki. Wewe kaa."

Alifungua tanki kwanza, akamwanga esanse ndani ya beseni, akapangusa, akapeleka kwa dada wa Kashikishi na mikono miwili. Yule dada alipokea analia, na kidole chake kikaingia ndani ya lile bonde la goti. Kisha moteri. Buloni, zile bolti, zilitoka bila kelele, ju alikuwa anazitia grisi kila wakati. Mabamba yake aliyatia mufukoni, moja kila upande, suruali ikashuka. Moteri alibeba mwenyewe mupaka mbele ya miguu ya mujomba, akaiweka na bunduki zimetazama juu. Kadri ilibaki mwisho, na gurudumu la mbele. Aliipitisha kitambaa yote, mupaka ndani ya masikio ya kikapu. Pale alikawia.

Nitasema kwanza bitu bilienda wapi, ju mutu nitasema mwisho. Kadri ilienda Kabuta juu ya kinga ya muuza samaki, na mujane, hana nafasi ingine, aliitundika tena juu ya moto. Nimeiona. Imekuwa nyeusi. Tanki iko Kashikishi chini ya meza, tupu, yule dada anasema hawezi kuitia mafuta, hawezi kuitupa. Moteri iko kwa mujomba, kwenye kona ile ile. Kuku ni mwingine, ju wa kwanza aliliwa zamani, lakini naye amepanda juu, na mujomba ananiambia kila mara nikifika, "Mulete mutu wa kuinunua, tujenge kaburi ya ndugu yako," na mimi ninasema ndiyo, na hatutafuti mutu. Gurudumu la Bashinwa liko kwangu, limeegemea ukuta. Kuna tukutuku moja nzima kati ya nyumba tatu na ukuta moja, na kila siku ya mungu nyuma ya misa ninaiunganisha ndani ya kichwa, nabonyeza kakidude, navuta kamukono, na haiwaki, ju mabamba hayako.

Balimufunga ushanga. Mujomba mwenyewe alifunga, akasema, "Sasa uko huru, mutoto wangu." Shemeki akasema asante. Alikunywa munkoyo kidogo, kile kinywaji chetu cha mahindi, kikombe akakirudisha na mikono miwili. Bamama balikuwa banatoa bukari. Akanawa, kama mutu mwenye anataka kula. Kisha akasimama.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye mulango, miguu nimenyoosha njiani.

"Shemeki," akasema, "ninapita."

Nikakunja miguu. Niliwaza anaenda kukojoa, ao kutafuta tumbako. Nilimuona anapita bamama ba chisense, anazunguka samaki zao asizikanyage, anashuka pole pole upande wa mashua za Chisenga, na suruali inavutwa chini na yale mabamba, na anaipandisha, na inashuka. Dada wa Kashikishi akaweka bukari ya shemeki na samaki pembeni, akaifunika na sahani ju ya inzi.

Ilipoa. Hakurudi.